Ngozi Iliyochemshwa Mlimani

Hapo zamani, wasikilizaji wangu, milima ilipokuwa bado haijazoea kukanyagwa, visima vya kijiji kimoja vilikauka. Watu wakabaki kulamba matope. Nyumba moja ilikuwa na ngozi ya mbuzi ambayo marehemu baba alichora juu yake njia ya kwenda kwenye ziwa lililojificha milimani. Watoto wake watatu wakaondoka kulitafuta.

Ambakisye, mkubwa, alishika ngozi. Lugano, wa kati, alibeba chungu na chakula. Tusekile, kitindamimba, alibeba kibuyu, na kila walipopita kona aligeuka nyuma, akatazama.

"Unamuaga nani huko?" Ambakisye akamtania.

"Naitazama njia ya kurudi, kaka. Hiyo ina sura nyingine."

Ngozi ikasema kushoto, wakaenda kushoto. Tusekile akageuka, akatazama. Ngozi ikasema pandeni, wakapanda. Tusekile akageuka, akatazama. Wakapanda hata mawingu yakawa chini ya miguu yao, na ndani ya shimo la mlima wakayaona maji, mengi, yametulia tuli, yamebeba mbingu nzima. Ambakisye, mtu mzima na ndevu zake, alilia. Waliogopa hata kuchota; mwisho Tusekile akajaza kibuyu chake.

Wakati wa kurudi ukungu ukawafunika. Wakazunguka humo mpaka chakula kikaisha na Ambakisye akaanguka, miguu imekataa. Lugano akawasha moto, akamimina maji ya kibuyu chunguni, akaichukua ngozi, akaikatakatia humo.

"Mdogo wangu, hiyo ndiyo njia yetu," Ambakisye akamsihi.

"Njia tutaitafuta, kaka. Nikikuzika hapa, wewe nitakutafuta wapi?"

Wakaitafuna, wakanywa mchuzi wake, Ambakisye akasimama. Ukungu ukainuka. Ambakisye alikuwa ameitazama ngozi tu, Lugano mzigo wake tu. Tusekile akatangulia.

"Mwamba huu naujua. Mti ule naujua."

Hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Wakakiongoza kijiji kizima ziwani. Watu wakanywa, wakapona, wakasema ziwa lichukue jina la aliyewaokoa.

"Bila ngozi niliyoifuata, tusingeliona," akasema Ambakisye.

"Bila ngozi niliyoipika, ungebaki mlimani," akasema Lugano.

"Na bila mimi kugeuka nyuma," akasema Tusekile, "nani angekuja kuwaambia hawa kwamba maji yapo?"

Watu wakabishana, wasikubaliane. Mpaka leo ziwa lile halina jina, na anayelifikia hunyamaza tu. Basi nawauliza ninyi mnaonisikiliza: je, maji yale yalistahili jina la nani?