Rangi ya Mayatima

Imepokewa kutoka kwa waliopokea kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Iraki aliishi mjane mchamungu akiitwa Rayhana binti Saadi. Kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi. Alikuwa mwingi wa sala, mwingi wa saumu, na pia, nasema wazi ili msije mkadanganyika, mwingi wa hasira. Msidhani kwamba waja wema wote walikuwa watu wa kutabasamu na kuinamisha vichwa. Huyu bibi akikasirika, majirani walifunga madirisha.

Miaka michache kabla ya kisa hiki mji ulikuwa umepigwa na ukame, na nyuma ya ukame ikaja homa, na homa ilipoondoka iliacha nyumba nyingi zenye watoto lakini zisizo na baba. Wajane waliuza vyungu, wakauza mikeka, na walipokosa cha kuuza wakakaa wakimngoja Mola wao. Ndipo akasimama tajiri mmoja, Zurara bin Muhalhili, mfanyabiashara wa nafaka, akatangaza kwamba mayatima wote wa mji ni wake. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia kwisha aligawa unga kwa familia zao na kanzu mpya kwa kila mtoto. Wallahi lilikuwa jambo kubwa, na laiti angeishia hapo, leo tungekuwa tunamwombea tu.

Lakini Bwana Zurara alikuwa na sharti lake. Kanzu zote zilitiwa rangi moja, manjano iliyokolea, kwa sababu, alisema, watu wakiwaona watoto hao watapata hamu ya kutoa. Na baada ya sala ya Idi aliwaita wenye manjano waje mbele, akawapanga mstari, akawasimulia mmoja mmoja: huyu baba yake amekufa kwa homa, yule kwao walikuwa wakila majani. Watu wakalia, wakamwombea Zurara umri mrefu, naye akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Na aliyetia kanzu hizo rangi alikuwa Rayhana. Aliloweka nguo kwanza katika maji ya shabu, kijiwe cheupe kishikacho rangi, kisha akazichemsha pamoja na maganda ya komamanga, maana nguo isiyopitia shabu huinywa rangi lakini ikifuliwa huitema. Za kwake hazikuwahi kutema. Alijisifia hilo sokoni, na moyoni alijihesabia kwamba naye ana fungu katika thawabu za Zurara.

Asubuhi moja, katika kumi la mwisho la Ramadhani, aliingia uani kwake Umama, binti wa jirani yake Sulafa, mjane wa marehemu Thabiti. Mtoto alikuwa ameshika kanzu yake ya mwaka uliopita, imelowa na kukunjamana, na vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa majivu.

"Bibi," akauliza, "rangi hii huondolewa kwa kitu gani?"

Rayhana akacheka. "Haiondoki hiyo, mwanangu. Utazeeka nayo."

Mtoto hakucheka. Machozi yakamtoka bila sauti. "Nimeisugua kwa majivu, nikaisugua kwa mchanga. Kisimani wenzangu wananiimbia, Manjano, Manjano, nani kakuvisha? Hawaniiti tena kwa jina langu. Na mimi nina jina."

Rayhana akaipokea ile kanzu, akaigeuza nje ndani. Haikuwa imepauka hata kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi ile aliichukia kazi ya mikono yake.

Akamshika Umama mkono, akaenda naye moja kwa moja kwa mama yake. Akakuta jiko limekaa baridi, na Sulafa amekaa kando yake. Alipoulizwa, alisema kwamba mwaka huu haendi kwa Zurara kuchukua chochote, na unga wa ndani ulikuwa umekwisha tangu juzi. Rayhana akampandishia sauti, maana ndivyo alivyokuwa. "Unawanyima watoto futari kwa ajili ya rangi ya nguo? Una akili wewe?"

"Dada yangu," Sulafa akasema, "njaa yetu twaijua sisi na Mola wetu. Kanzu ile yajulikana na mji mzima. Mume wangu alikuwa mtu, alikuwa na jina, watu walimwamkia njiani. Watoto wake leo wana rangi tu."

Rayhana akarudi kwake mbio. Akawapelekea mkate na tende alizokuwa nazo, kisha akajitanda, akashika njia ya ghala la Zurara akiwa anachemka kuliko sufuria zake.

Alimkuta Zurara ameketi juu ya zulia, akiamuru magunia yapangwe. Akamtolea salamu, kisha akamwambia, "Bwana Zurara, mche Mwenyezi Mungu kwa watoto hawa. Niachie nizitie kanzu zao rangi mbalimbali, kila mtoto yake, kama watoto wengine. Gharama itakuwa juu yangu."

"Bibi," akajibu Zurara kwa upole wa mtu aliyeshiba, "wewe ni fundi wa rangi, si mufti. Yatima asipokuwa na alama watu watamjuaje?"

"Anayetiwa alama ni ng'ombe," Rayhana akasema, "ili asimpotee mwenyewe."

Wapagazi wakainamisha nyuso. Zurara uso ukamwiva. "Nimekusikia. Sasa nisikilize na wewe. Mwaka huu kadhi mpya atasali Idi pamoja nasi, na nimemwahidi kumwonyesha mayatima wangu. Kama manjano yakukera, basi hakuna kanzu, wala hakuna unga. Na wajane wakiniuliza, nitawaelekeza kwako."

Na kweli akawaelekeza. Alasiri haijaisha, uwanja wa nyumba ya Rayhana ulikuwa umejaa wanawake, wengine wamebeba watoto migongoni, na hakuna aliyekuja kumshukuru. "Hasira zako tutazipika?" mmoja akamwuliza. Mwingine akasema, "Nani alikutuma utusemee? Sisi tulikuwa tunavumilia. Wewe una kazi, sisi tuna watoto." Rayhana alitaka kuwajibu kwa ukali, kisha akaona kwamba wanasema kweli. Hakuna aliyemtuma.

Akaingia ndani, akatandika mswala wake, akasujudu muda mrefu. Na swali alilojiuliza akiwa amesujudu ndilo ninalotaka tulishike. Alijiuliza: hapa nani amekasirika, mja wa Mwenyezi Mungu au Rayhana binti Saadi? Akapekua nafsi yake, akawakuta wote wawili. Mmoja amekasirika kwa sababu mtoto amevunjiwa heshima. Mwingine amekasirika kwa sababu ameambiwa kwamba yeye si mufti. Akamwomba Mola wake amwachie hasira ya kwanza na kumwondolea ya pili, kisha akatuma habari kwa Zurara kwamba ataifanya kazi, manjano vilevile atakavyo. Zurara akaleta nguo na akaleta unga kwa wajane, akicheka ndevuni.

Rayhana akawasha moto. Na hapo ndipo Ibilisi alipomjia, akamjia kwa sura ya huruma kama kawaida yake. Akamnong'oneza: usitie shabu. Kanzu zitang'aa siku ya Idi, kadhi ataziona, Zurara atafurahi. Zikifuliwa mara moja tu, manjano yote itakwenda na maji, na watoto watabaki na kanzu nyeupe. Nani atajua? Mkono wa Rayhana ulikwenda kwenye mfuko wa shabu ukarudi mtupu. Ukaenda tena, ukarudi tena mtupu.

Kisha akasema kwa sauti, ingawa hakuwa na mtu, "Nimekubali kazi ya rangi isiyotoka. Je, niiondoe ria ya mtu, kutoa kwake ili aonekane, kwa hadaa yangu?" Akachota shabu, akaitupa majini kwa nguvu kama anayemrushia mtu usoni, huku analia kwa ghadhabu. Akazitia zile kanzu rangi, na haikupata kutokea manjano nzuri kuliko ile.

Alipozitoa na kuzianika, akatazama sufuria. Rangi ilikuwa bado imo, tele, na gunia la maganda ya komamanga lilikuwa limesimama pembeni. Akaketi juu ya kigoda. Zurara amenunua manjano ya kanzu zake. Hakuwa amenunua manjano ya dunia nzima, wala hakusema kwamba asivae mwingine.

Akatoka akapita nyumba kwa nyumba. Hakumtaja Zurara kwa ubaya, maana alichelea kusengenya na saumu ipo. Alisema tu maneno ya Umama, kisha akasema, "Leteni kanzu zenu za Idi nizitie manjano. Sitaki malipo." Mwadhini ndiye aliyetangulia, akaleta kanzu moja aliyokuwa nayo, akabaki na shuka. Kuna walioleta kwa moyo mmoja, na kuna waliomfungia mlango. Mke wa muuza manukato akamwambia, "Hiyo ni nguo ya ombaomba." Rayhana akamjibu, "Ndiyo maana nimekuja kwako. Binti yako anaimba wimbo kisimani. Wimbo nimempa mimi kwa rangi yangu, na wewe umemwacha auimbe. Leta kanzu." Yule mama akasimama kidogo, kisha akamleta binti mwenyewe kwa sikio, na kanzu mkononi.

Akaja hata mwanamke mmoja aliyejifunika uso, akatoa kikanzu kidogo cha kitani laini, akaondoka bila kusema ni mke wa nani wala binti wa nani. Maganda ya kazi ya mwaka mzima yakaisha, na mikono ya Rayhana ikawa manjano hadi viwikoni.

Alipompelekea Zurara kanzu zake hakumficha kitu. "Nimetimiza sharti lako. Na wengine wameniletea nguo zao, nami nimewatia rangi hiyohiyo."

Zurara akachanua. "Umeona sasa? Kumbe watu wananiiga!" Na Rayhana, aliyekuwa na jibu mdomoni, akaondoka nalo.

Siku ya Idi watu wakatoka kwenda uwanja wa sala, na uwanja mzima ukawa manjano. Wazee manjano, wapagazi manjano, mwadhini manjano, watoto wasiohesabika manjano. Walikuwepo wachache waliovaa nyeupe, nao wakawa wanajitazama kwa haya. Baada ya sala na hotuba Zurara akasimama kando ya kadhi, akakohoa, akaita kama alivyozoea, "Mayatima wangu! Wenye manjano wote waje mbele!"

Umati ukasogea mbele.

Zurara akapepesa macho. Akatafuta yatima mmoja, yeyote, asimwone, maana miaka yote hiyo alikuwa akitazama kanzu tu. Akanyoosha mkono akamkamata bega mtoto aliyekuwa karibu, hata uso wake hakuutazama, akamgeukia kadhi na kusema kwa sauti yake ya Idi, "Mtazame huyu, ee kadhi. Hana baba, hana babu, hana wa kumshika mkono duniani isipokuwa mimi."

Mtoto akainua uso. "Babu," akasema, "ni mimi."

Alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Na binti yake alikuwa miongoni mwa wanawake, hakujifunika uso tena, anamtazama.

Kadhi akauliza kwa sauti ya chini, "Na wale wengine, Zurara, waitwa nani?" Zurara akafungua kinywa. Hakuwa na jina hata moja. Akabaki ameshika lile bega.

Rayhana alisimama si mbali. Alikuwa na maneno, tena ya kukata, na watu wote wangemshangilia. Akauona ule mkono ulivyong'ang'ania bega la mtoto, akajua kwamba akisema sasa atakuwa anajisemea mwenyewe. Akayameza. Wasimulizi wanasema kwamba katika umri wake wote wa sala na saumu, hilo ndilo lililomwia zito zaidi.

Na katika ule utulivu ikasikika sauti ya mwanamke kutoka nyuma. Sulafa alikuwa amempoteza mwanawe, aliyevaa ile kanzu yake ya mwaka jana, katika umati, kila akitazama ni manjano tupu, hamjui wake ni yupi. Basi akaita kwa nguvu zake zote, mbele ya kadhi na mbele ya mji mzima, "Umama! Ewe Umama binti Thabiti!"

"Labeka, mama!" mtoto akaitika, na kila mtu akageuka kumtazama uso.

Wapokezi wamehitilafiana kuhusu Zurara. Baadhi wanasema alitubu, akawa anaacha magunia milangoni mwa wajane kabla hawajaamka. Wengine wanasema alihamishia sadaka yake mji mwingine, ambako watu bado walikuwa wanalia vizuri wakisimuliwa. Mimi sijui, na sitamtetea.

Ninalolijua ni letu sisi. Leo hatuwatii rangi mayatima. Tunawasimamisha na mfuko wa unga kifuani, tunawaambia watabasamu, tunawapiga picha, tunawatembeza nchi nzima katika simu zetu, na chini tunaandika kwamba tumefanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Picha hiyo nayo imepita kwenye shabu, mtoto atasugua hadi vidole vichanike na haitatoka. Ewe mwenye kutoa, toa, Mola akuzidishie. Ukiweza kumwuliza mtoto jina lake, muulize. Usipoweza, weka unga chini uende zako.