Fungua Mdomo, Mgeni!

Paukwa!

Pakawa!

Meno mnayo?

Tunayo!

Basi yashikeni vizuri, maana humu kuna mtu atayapoteza.

Hapo zamani za kale, mbuzi mmoja, Bi Ndevu, alikaa zizini na mwanawe wa pekee, Madoa. Masika yale mchwa waliula mlango wa zizi ukabaki ganda tu. Hata kikohozi kingeuangusha!

Jioni moja, ngo! ngo! ngo!

"Hodi! Mimi mbuzi mwenzenu, mvua imenishika."

Bi Ndevu akachungulia. Lo! Fisi, kajifunika ngozi ya mbuzi! Akawaza: Akiupiga kikumbo mlango huu, mwanangu kwisha! Lakini akajikaza.

"Karibu, mgeni. Ila desturi yetu unaijua: halali mtu humu mpaka afungue mdomo."

Fisi akafungua, aaa!

"Ah! Chonge hizo ndefu za kurarulia nyama, za nini? Mbuzi hana chonge!"

Fisi mbio kwa Kima, mhunzi wa mwituni. Koleo, kwaa! Chonge chini.

Kesho yake, ngo! ngo! ngo!

"Hodi! Chonge sina tena!"

"Fungua mdomo. Ah! Mbona una meno ya mbele juu? Mbuzi ana ya chini tu, juu ni ufizi mtupu!"

Fisi mbio kwa Kima. Kwaa! Kwaa!

Siku ya tatu, ngo! ngo! ngo!

"Hodhi! Mimi mbudhi!"

"Fungua mdomo. Ah! Magego gani haya, makali kama kisu? Ya mbuzi ni mapana, ya kusagia majani!"

Tamaa bwana! Fisi mbio tena. Kima akachoka kuchagua, akang'oa yote yaliyosalia.

Aliporudi, Bi Ndevu akamfungulia mwenyewe.

"Sasa umetimia. Ingia!"

Fisi akamrukia Madoa, akamdaka shingoni, akatafuna, akatafuna! Madoa akaangua kicheko.

"Mama wee! Mgeni ananitekenya!"

Bi Ndevu akamchapa pembe, pu! Fisi akatoka mkuku, mlango mbovu umemvaa shingoni, zizi zima linacheka.

Mmeona, wanangu? Anayejivunja mwenyewe ili amdhulumu mwenzake, hata akikipata alichokitaka, hana cha kukilia.

Ngano yangu nimeitafuna, nimeimeza. Haya, fungeni midomo!

Tumefunga!