Mtoto wa Asnath Aitwe Jina la Nani?

Sogeeni, na mwenye karanga azitafune polepole, maana nina kesi hapa na hakimu wake hajapatikana. Mimi mwenyewe nimeisimulia mara nyingi, na kila nikimaliza najikuta nimehamia upande mwingine.

Katika mji mmoja wa milimani, mji wa baridi ambako mwezi wa Juni ukifungua mdomo kusalimia mtu moshi unatangulia salamu, waliishi watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza alikuwa Bi Sekela, mkunga. Kipaji chake kilikuwa kuuliza. Angekuuliza jambo la aibu ukamjibu huku unacheka, ukaja kushtuka umeshafika nyumbani. Watoto aliowapokea kwa mikono yake ni wengi kuliko mabati ya mji ule.

Wa pili alikuwa Leokadia, wa maabara ya kupima udongo, maji na mawe. Kipaji chake kilikuwa jicho. Sampuli ikishayeyushwa kwenye asidi, yeye huinyunyiza kwenye mwali wa moto, na metali iliyomo ikipata joto la kutosha hutoa mwanga wa rangi yake. Sodiamu hutoa njano, potasiamu zambarau hafifu, lithiamu nyekundu. Ipo mashine ya kusoma rangi hizo, lakini Leokadia huziona kabla mashine haijaandika. Kwake mwali ni mkutano, na kazi yake ni kusikiliza nani anajitaja.

Wa tatu alikuwa Mzee Atanasi, wa chumba hichohicho, meza ya pili. Yeye alikuwa na mwali pia, lakini hakusikiliza mtu. Yeye alikuwa na taa. Kila metali ina taa yake: ya shaba mbali, ya zinki mbali, ya risasi mbali, hiyo risasi nzito iliyomo kwenye betri za magari. Anawasha taa, mwanga unapita katikati ya mwali, na kama metali hiyo imo kwenye sampuli, inaumeza mwanga wa taa yake. Mzee hupima kilichomezwa. Kipaji chake kilikuwa subira: swali moja, jibu moja, na jibu lenyewe haliyumbi.

Miaka kumi na tisa walikaa chumba kimoja wakitaniana.

"Mwali wako unawasikia wapiga kelele tu, binti yangu," Mzee Atanasi angesema. "Katika atomi laki moja, inayojitaja labda ni moja. Hizo zilizonyamaza nani atazisemea?"

"Na wewe, mzee wangu, usipoambiwa unamtafuta nani, utawasha taa ngapi mpaka jioni?"

Kisha walitoka nje kwenye korido, wakanywa chai ya chupa moja. Ndivyo walivyopendana.

Sasa aingie Asnath, fundi cherehani, mke wa Fanuel, mimba ya kwanza, mwezi wa sita. Tumbo lilimsokota, mikono ilimlegea hata mkasi ukawa mzito, uso ulipauka. Zahanati ilimpa vidonge vya damu, havikusaidia. Lililomtisha zaidi ni kwamba mtoto tumboni, aliyekuwa akimpiga mateke tangu alfajiri, alianza kutulia. Ikafika siku akapitisha kutwa nzima bila kugusa ubavu wa mama yake hata mara moja.

Bi Sekela alikwenda kumwona. Hakuanza na ugonjwa. Alivuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua.

"Mwanangu," akasema, "mimi mimba ya tatu nilikula ukuta wa jikoni mpaka mume wangu akapiga lipu upya. Wewe unakula wa wapi?"

Asnath alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa vipande vya udongo vyenye umbo la kidole, vile wanavyouza sokoni kwa kina mama wenye mimba.

"Wa Mama Tuzo, Bi. Wa mlima uleule, anaouza tangu sijavunja ungo. Haujawahi kumdhuru mtu. Ila usimwambie Fanuel."

"Simwambii. Huna kipande cha zamani, cha kabla hujaanza kuumwa?"

Asnath alifikiri. Akakumbuka koti la kanisani. Miezi ya kwanza ya mimba alificha kipande mfukoni ili akitafune wakati wa mahubiri, kikasahauliwa humo. Bi Sekela akakichukua, pamoja na kimoja cha pindoni. Akachukua na maji ya kisima, unga, dagaa na majani ya chai, kila kitu kwenye kifuko chake. Vifuko sita. Kesho yake asubuhi akavibwaga kwenye meza ya maabara.

Mzee Atanasi aliposikia habari ya tumbo kusokota na mikono kulegea, akatazamana na Leokadia.

"Inafanana na sumu ya risasi," akasema. "Lakini taa yangu ya risasi imechoka. Nyingine imeagizwa, itafika baada ya miezi mitatu. Hii iliyopo ina pumzi ya sampuli moja. Nikibahatika, mbili."

"Na maabara ya jiji?"

"Nimepiga simu. Foleni wiki nane."

"Mtoto yule hana wiki nane," alisema Bi Sekela, na safari hii hakuwa anatania.

Vifuko sita, pumzi ya taa moja. Leokadia akavuta kiti.

"Niachieni mimi kwanza."

Akayeyusha, akanyunyiza cha kwanza. Mwali ukawaka njano tupu. Cha pili, njano. Maji njano, dagaa njano, mpaka maji safi yasiyo na kitu, njano! Leokadia akaushusha mkono, akageuka taratibu.

"Mzee wangu. Umekula yai?"

Mzee Atanasi alitazama dari. Alikuwa amekula yai la kuchemsha pale mlangoni, na chumvi yake kwenye karatasi, kisha kwa nia njema kabisa akaja kumsaidia kupanga chupa. Chumvi ni sodiamu, na mbele ya mwali ule sodiamu haina siri. Chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuwafunika wengine wote. Chupa zikaoshwa upya mara tatu. Aliyeziosha ni mzee mwenyewe, kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. Nampenda sana mzee huyu, nawaambia wazi msije mkanilaumu baadaye.

Mwali ukatulia. Sasa Leokadia akaanza upya. Udongo wa koti ukatoa wekundu mdogo, lakini wa wazi. Hakushangaa, kwa sababu udongo wa mlima ule una lithiamu, na tangu aajiriwe hajawahi kuupima akaukosa wekundu huo. Akaja kwenye udongo wa pindo la kanga. Akanyunyiza, akangoja. Akanyunyiza tena. Hakuna wekundu hata kidogo.

"Huu haukutoka mlimani," akasema.

"Una sumu?" aliuliza Bi Sekela.

"Sijui, Bi. Risasi kwenye mwali wangu ni bubu. Ninachojua ni kwamba huu umedanganya kuhusu kwao."

Ikawa zamu ya Mzee Atanasi. Alinawa mikono mara mbili bila kuambiwa. Akawasha taa ya risasi, ikatetemeka, akaingoja ipate joto, hakuiharakisha. Akapitisha maji matupu, kisha maji yenye risasi ya kiasi anachokijua, ili aijue taa yake inasema nini leo. Kisha udongo wa pindo. Mwanga uliporomoka. Akarudia, ukaporomoka vilevile. Alipotaka kurudia mara ya tatu, taa ikazimika, na haikuwaka tena.

Mzee akavua miwani.

"Risasi. Nyingi. Mwambieni asitie tena hata punje mdomoni."

Mama Tuzo alipoulizwa, alishangaa kweli. Mvua za mwaka ule zilibomoa njia ya mlimani, naye akachimba udongo mweupe nyuma ya gereji iliyofungwa siku nyingi, mahali ambapo zamani walivunja betri za magari. Alilia sana. Akamwaga mzigo wote, kisha akazunguka na Bi Sekela nyumba kwa nyumba, akiwanyang'anya wateja wake alichowauzia kwa mkono wake.

Asnath alipelekwa hospitali ya mkoa. Akapewa dawa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, akaambiwa anywe maziwa, damu ikapimwa kila wiki. Kiu ya udongo ilimtesa kuliko maumivu. Usiku mmoja Fanuel alimkuta ananusa mtungi wa udongo. Lakini wiki ya tatu mtoto alimpiga teke la ubavu, Asnath akapiga kelele hadi majirani wakatoka, naye akacheka na kulia kwa pamoja. Mwezi wa tisa alizaliwa msichana, kilo tatu na kidogo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

Hapo ndipo kesi yangu inapoanza.

Katika mji ule, mtoto hupewa jina la mtu mmoja. Mtu huyo ndiye somo wake. Siku ya arobaini somo humpokea mtoto mlangoni, akamtoa nje kulitazama jua, na tangu siku hiyo wanaitana somo mpaka kufa. Msiniambie apewe majina matatu. Anayembeba mtoto kwenda kwenye jua ni mmoja.

Asnath alisema, "Mwanangu atachukua jina la aliyemwokoa." Alidhani ni jambo jepesi.

Bi Sekela amepokea watoto wa mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyeitwa Sekela. Asingeuliza yeye, udongo ungebaki kwenye pindo na wengine wangeendelea kupima mawe. Leokadia ana miaka kumi na miwili ya ndoa na hajaitwa mama. Asingegundua yeye kwamba wekundu haupo, taa ingemalizia pumzi yake kwenye dagaa. Na Mzee Atanasi anastaafu mwezi ujao, hana mjukuu, na tayari alishamnong'oneza Fanuel kwamba Atanasia ni jina zuri la kike. Bila yeye wangejua tu kwamba udongo umehama, na hakuna mama aliyewahi kuacha udongo kwa sababu umehama.

Walipokutana siku ya arobaini, kila mmoja alikuja na kanga mpya ya kumpokelea mtoto, kila mmoja akiificha nyuma ya mgongo. Walipoonana wakaona haya.

"Mpe Leokadia," alisema Mzee Atanasi.

"Hapana, mzee wangu. Mpe Bi Sekela."

"Mimi nimeshashika wengi," alisema Bi Sekela, akafuta macho. "Mpeni mzee."

Asnath amesimama mlangoni. Jua limeshafika uani, mtoto ameamka, na watu watatu anaowapenda sawasawa wamenyoosha mikono, kila mmoja akimwelekeza kwa mwenzake. Ananitazama mimi, nami nawatazama ninyi. Haya, semeni, na kila mtu aseme lake: mtoto huyu amkabidhi nani?