Kipa Aliyetazama Pembeni

Mtazama namba halindi lango. Jana mlimsikia Tumpe akimwambia Ipyana maneno hayo, kwa sababu Ipyana kila asubuhi anajipima urefu ukutani na uji wake unapoa mezani. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni namba gani na lango gani. Msemo huu msiutafute kwa wazee wa kale, hawakuujua. Una umri mdogo kuliko kochi hili nililokalia, na ulianzia humu humu nyumbani kwangu Tukuyu. Kaeni basi, na wewe Ipyana toa miguu mezani.

Gwakisa huyu mnayemwita baba mkubwa, mtu wa maneno machache, ujanani hakuwa na utulivu hata kidogo. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu Lusajo, na baba yake alipofariki nikamlea mimi, shangazi yake. Kaka yangu hakuacha mali. Aliacha ndama mmoja jike, mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani, na kabla hajakata roho alisema mbele yetu sote kwamba yule ni wa Gwakisa. Mdogo wetu Ambakisye akampeleka zizini kwake, akamlisha mpaka akawa mtamba mzuri wa kutamanisha. Kila Jumapili baada ya ibada Gwakisa alipita kwa baba yake mdogo, akamkuna mtamba wake shingoni, akakaa naye kidogo. Nami sikuwahi kumuuliza anawaza nini pale, maana nilikuwa najua.

Siku nyingine zote alikuwa hapa sebuleni na kompyuta yake ya gemu. Aliiunga mwenyewe kwa vipande alivyovipata kwa kutengeneza simu za watu mjini. Mchezo wao ulikuwa wa mpira wa miguu, ambao watu wawili wanakuwa timu moja, mmoja mshambuliaji na mwingine kipa, na wachezaji waliobaki wanaendeshwa na mashine yenyewe. Mshambuliaji alikuwa Tumpe, binti wa jirani, aliyekuja na kompyuta kuukuu kuliko hata ya Gwakisa. Gwakisa alikuwa kipa. Mimi makelele ya vitu vile siyapendi, lakini nawaambieni, nilikuwa naacha ndizi bila kumenywa nikasimama mlangoni kumtazama akipangua mashuti. Alikuwa anauona mpira kabla haujapigwa. Wakashinda, wakashinda tena, mpaka wakafika fainali ya mikoa yetu ya kusini, iliyopangwa kuchezwa Mbeya, kila mtu na kompyuta yake.

Badala ya furaha, hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia. Mtu mmoja wa mtandaoni, ambaye hata kwao hapajulikani, aliandika kwamba prosesa kama ya Gwakisa inafaa kuwekwa makumbusho. Prosesa ni kile kidude kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Huyo bwana akasema anayetaka kujua kama yake imechoka awashe namba fulani, ikae juu pembeni mwa skrini, imwonyeshe mashine inachora picha ngapi kwa sekunde. Gwakisa akaiwasha.

Tangu siku hiyo nyumba yangu haikupata amani. Asubuhi aliamka ameamua kubadili prosesa. Mchana, chakula kikiwa mbele yake, alikuwa ameamua kuiacha. Jioni alikuwa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, simu mkononi, anasoma wengine wanasemaje, na kila aliyemsoma alimwambia lake. "Shangazi, themanini na tano si mbaya, eti?" ananiuliza mimi, mtu ambaye hata redio nawashiwa. Nikimwambia si mbaya, anauliza, "Lakini mashabiki wakishangilia inashuka sabini. Sabini je?" Nilichoka, wanangu. Nilichoka mpaka nikatamani umeme ukatike.

Na kibaya zaidi, akaanza kufungwa. Mabao ya kijinga, ya mpira kupita katikati ya miguu. Kila akifungwa anasema, "Mmeona? Prosesa hiyo." Tumpe alivumilia, kisha siku moja akachomoa plasta ya kidonda kwenye mkoba wake, akaibandika juu pembeni mwa skrini ya Gwakisa, namba ikafichika.

"Unafanya nini?" Gwakisa akaruka.

"Nakuuguza," Tumpe akamjibu. "Kaa langoni, tucheze."

Walicheza mechi ya mazoezi na timu ngumu ya Iringa, na nilisimama pale pale mlangoni. Yule kipa wangu wa zamani alirudi. Alidaka, akapangua, akatoka mbio kuuwahi mpira mguuni mwa mtu. Hakufungwa hata bao moja. Tumpe akavua vipokea sauti akamgeukia.

"Umeona sasa? Mashine ni ile ile. Prosesa ni ile ile."

"Nimeona," alisema Gwakisa. Kidole chake kikachezea ukingo wa plasta. "Lakini ilikuwa inasoma ngapi?"

Mimi nilicheka. Tumpe hakucheka. Kabla hajafika nyumbani kwao, plasta ilikuwa imeshabanduliwa.

Wiki ile ile Gwakisa akasema anataka kumuuza mtamba. Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimfuata mpaka kwa Ambakisye, kanga moja begani nyingine mkononi, nikamwambia njia nzima kwamba kitu alichopewa na baba yake hakibadilishwi na kidude cha kuingia mfukoni. Alikuwa anaitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi," na mguu hausimami. Tulipofika zizini nikamwambia Ambakisye amkataze.

"Dada, ng'ombe ni wake," alisema Ambakisye. "Mimi nilipewa kulisha, sikupewa kukataza." Kisha akamgeukia kijana. "Ila nikuulize, mwanangu. Hicho unachokwenda kununua kitakusaidia nini?"

"Kitaniondolea wasiwasi, baba."

"Una uhakika?"

Gwakisa alimtazama mtamba wake, na mtamba akamsogelea akidhani ni Jumapili. Niliona mkono wake ukinyanyuka kumkuna, kisha akaurudisha mfukoni. "Fainali imekaribia," alisema. Mnunuzi alikuja kesho yake. Mimi sikwenda kuona akichukuliwa, na sioni aibu kusema kwamba siku ile nililia.

Prosesa mpya ikaja, akaifunga, na kweli namba ikapanda. Ikavuka mia, ikapanda tena mpaka karibu na mia mbili. Aliniita nije nione. Nikaona majani ya uwanja yale yale na kipa yule yule mwenye glovu za njano. Tumpe alimwomba jambo moja tu, kwamba siku ya fainali aizime ile namba.

"Kwa nini niizime na sasa iko sawa?" alisema Gwakisa. "Zamani nilikuwa naitazama kwa hofu. Sasa naitazama kwa raha."

Tumpe akanitazama mimi, nami nikatazama dari.

Mbeya tulikwenda wote watatu. Ukumbi ulijaa vijana, nami nikawekewa kiti nyuma ya Gwakisa, kwa heshima ya umri. Mechi ilikuwa moto. Tumpe alifunga, wakasawazisha, na kila shambulio lilipokuja nilikuwa nabana kanga yangu kwa meno. Gwakisa alidaka mawili matatu mazuri. Zikiwa zimebaki dakika za mwisho, washambuliaji wa upande wa pili wakawapita mabeki wote, mashabiki wa ndani ya mchezo wakalipuka kwa kelele, bendera zikapepea, ndiyo mahali pale ambapo mashine ya zamani ilikuwa inashuka. Nilikuwa nyuma yake, niliona kichwa chake kikiinuka kidogo kuelekea pembeni. Namba haikutikisika. Niliuona uso wake kwenye kioo cha skrini, anatabasamu.

Mpira ukapita kushoto kwake taratibu, hata mimi ningeuzuia.

Ukumbi ulipiga kelele, kisha filimbi ya mwisho ikalia. Tumpe alivua vipokea sauti akaviweka mezani polepole.

"Gwakisa, shuti lile lilipigwa upande gani?"

"Sikuliona."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

Akanyoosha kidole pembeni mwa skrini. "Haikushuka," alisema. "Tumpe, hata pale haikushuka."

Tumpe alikuwa na haki ya kumtukana, maana fainali ile ilikuwa yake pia. Hakumtukana. Alimwambia kwa sauti ndogo, "Mtazama namba halindi lango," akaanza kukunja nyaya zake. Watu wa meza ya jirani waliyasikia, wakayachukua, na ndiyo hayo yamezunguka mpaka yakawafikia ninyi.

Lakini kama hadithi ingeishia ukumbini, msingejua uzito wa maneno yale. Jumapili iliyofuata Gwakisa alitoka kanisani, na miguu ikampeleka ilikozoea. Nilimfuata kwa mbali kidogo. Ambakisye alikuwa zizini anamwaga majani, nafasi ya mtamba ikiwa wazi kati ya ng'ombe wawili, na kijana akasimama kwenye ua bila kujua mikono aiweke wapi.

"Karibu, mwanangu. Kile chombo chako kinakwenda vizuri?"

"Kinakwenda vizuri sana, baba."

"Na wasiwasi umeisha?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Na mchezo je?"

"Tumefungwa."

Ambakisye aliweka majani chini. Hakuwa mtu wa kusimanga, aliuliza kwa sababu kweli hakuelewa. "Sasa mwanangu, mlifungwaje na chombo kilikuwa kinakwenda vizuri?"

Gwakisa alishika mti wa ua kwa mikono yote miwili. Alijaribu kusema, machozi yakamtangulia, akajaribu tena.

"Mtazama namba halindi lango, baba."