Vikombe Kumi na Viwili

Wakubwa husema, kawia ufike. Hawakusema mtu ajikokote kama kinyonga hata nyumba ikiwaka moto, la hasha. Walisema liko jambo lenye mwendo wake, na ukilisukuma litakuangukia.

Siku hiyo fundi cherehani mmoja alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake mbele ya tangi la kioo, moyo ukimdunda kama cherehani yake ikishona turubai. Ndani ya tangi ulielea mfuko wa nailoni wenye samaki saba wa mapambo, wembamba kama sindano za kushonea magunia, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni. Walikuwa wa baba mkwe wake, aliyefariki miezi miwili nyuma. Mama mkwe alikuwa akihamia kwa mwanawe mchana huo, na alikuwa ameomba jambo moja tu: "Makochi gawaneni. Samaki wake nataka niwakute hai."

Muuza samaki aliyewaleta kutoka nyumbani kwa mkwe alikuwa ameonya mara mbili. "Mama, maji yako ni mageni kwao. Usiwamwage. Tia kikombe kidogo cha maji ya tangi humo mfukoni kila baada ya dakika kumi, mpaka vitimie kumi na viwili. Ukiwaharakisha, watakufia mkononi."

Alikuwa amemaliza kikombe cha nne simu ilipolia. "Tumepata gari mapema," mumewe alisema. "Nusu saa tuko hapo."

Jasho jembamba likamtoka. Wifi yake, aliyekuwa akipanga nguo za mama kabatini, akachungulia. "Wifi, bado unawanywesha uji tu? Kwani maji si maji? Watie, mama awakute wakicheza!"

"Naogopa, wifi."

"Unaogopa dagaa waliovaa sare!"

Fundi alicheka kwa meno tu. Samaki walikuwa wamejikunyata kwenye kona ya mfuko, wakihema. Je, kama pumzi inawaishia humo humo? Na mama akiukuta mfuko bado unaelea, si atasema mke wa mwanawe kashindwa hata na samaki? Hofu ikamshika mkono. Akachukua kichujio cha chai, akamchota mmoja, akamtia tangini.

Samaki akachomoka kama mshale, akagonga kioo. Kisha akapinda. Buluu yake ikafifia, akalala ubavu, akazama taratibu mpaka kwenye changarawe. Hakuinuka tena.

"Mungu wangu," wifi alinong'ona, utani wote umemwisha. "Mtoe upesi. Tutasema waliletwa sita."

Fundi akatikisa kichwa. Akatia kikombe cha tano. Akakodolea saa ya ukutani. Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kama kesi. Cha sita. Cha saba. Nje, mlango wa gari ukabamizwa.

Mama mkwe aliingia na mkoba wake kwapani, akapita moja kwa moja hadi kwenye tangi. Macho yake yakashuka, yakatua kwenye changarawe.

"Na huyu?"

"Nimemuua mimi, mama," fundi alisema, sauti nyembamba kama uzi. "Nilisikia mnakaribia, nikaharakisha."

Wifi akawa anazichunguza kucha zake kana kwamba kazipata leo.

"Na hawa sita?"

"Wamebakiza vikombe vitano."

Mama akavua viatu. Akauweka mkoba chini. "Basi nileteeni kigoda," alisema, "na hicho kikombe nipe mimi."

Kilipotimia cha kumi na mbili, waliuinamisha mfuko pamoja. Fundi alifumba macho, hakuthubutu kuona. Alipoyafumbua, samaki walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wakasimama kidogo kama wageni mlangoni, kisha wakazunguka tangi kwa pamoja, buluu zao ziking'aa.

Mama akapangusa jicho kwa ncha ya mtandio. "Marehemu aliua tisa ndipo akajifunza," alisema. "Wewe umejifunza kwa mmoja. Haya, mwanangu, inuka, magoti yatakufa ganzi."

Samaki mmoja aliwahi, hakufika. Sita walikawia, na ndio waliofika. Basi kweli, kawia ufike.