Kesi ya Mayai ya Kanga na Kwale

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Pakawa nyikani, nyasi zimeungua!

Hapo zamani za kale moto ulichoma nyika yote, kikabaki kichaka kimoja tu. Kanga akachimba kishimo humo, akataga. Kwale naye akataga humo humo, kishimo kile kile. Mayai yakachanganyika, yote rangi ya vumbi.

“Toka, dada! Mayai haya ni yangu,” akasema Kanga.

“Yako? Na mimi nimetaga wapi, hewani?” akajibu Kwale.

Njiwa, jirani yao, akawasihi, “Jamani, atamieni kwa zamu. Vifaranga wakitoka, kila mama atawajua wanawe.”

“Nikae kiota kimoja na mwizi? Thubutu!” akafoka Kanga. “Tutaonana barazani!”

Wakaenda kwa Hakimu Korongo, mwenye haki, asiyepokea hongo hata ya chura. Korongo akaamuru, “Mpaka nitakapohukumu, mtu asiyaguse mayai hayo.”

Mmesikia? Asiyaguse! Na wote wawili wakaitikia, “Sawa, mheshimiwa.” Mama wazima hao, jamani!

Wiki ya kwanza, Kwale hana shahidi. Kesi ikaahirishwa. Njiwa akasema, “Pataneni, mayai yanapoa.” Hawakumsikiliza.

Wiki ya pili, shahidi wa Kanga kaugua. Kesi ikaahirishwa. Njiwa akalia, “Pataneni, mayai yanapoa!” Wakamwambia afunge mdomo wake.

Wiki ya tatu Korongo akahukumu: kwa sheria ya nyika, kiota na vilivyomo ni vya aliyetangulia kutaga; Kanga ndiye aliyetangulia, mayai yote ni yake.

Kanga akapiga vigelegele, mbio mpaka kichakani. Akayafunika mayai kwa mbawa. Lo! Yamepoa kama mawe ya mtoni. Akaligonga moja kwa mdomo. Likapasuka, likanuka. Viza! La pili, viza. La tatu, viza. Yote viza!

Akapiga ukunga, “Kwale! Kwale, ndugu yangu, njoo!”

Kwale akaja, akachungulia. Akauliza, “Wangu ni yupi humu, nimlilie?”

“Sijui, dada,” akasema Kanga. “Tuwalilie wote.”

Mwenzangu, nikifika hapa mwili hunisisimka mpaka leo. Korongo hakukosea hata neno moja. Kanga alipata haki yake kamili, na hakupata mtoto. Basi ukigombana na jirani, kaeni mpatane mapema, kile mnachokigombania kingali hai.

Ngano yangu naitua hapa. Utamu wake chukueni nyote, uchungu wake niachieni mimi.