Nyati Alivyokata Maneno

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakishitakiana badala ya kulana, Nguchiro alikuwa na kisima chembamba nyuma ya nyumba yake. Alikichimba mwenyewe, kwa kucha zake. Sikieni vizuri, wanangu: kwa kucha zake!

Kiangazi kilipokaza, Nyati akaja, puu! puu! puu!

"We kijitu! Kisima hiki nilikichimba mimi. Kuanzia leo utanitekea maji asubuhi na jioni."

Damu ikamchemka Nguchiro. Lakini atafanya nini na zigo lile? Akaenda kushitaki kwa Mama Tembo, hakimu wao.

Mama Tembo alikuwa amechoshwa na porojo. "Kesho tukutane hapo kisimani," akaamuru. "Na kila mtu aseme kwa mkato! Sitaki hadithi."

Walipotoka, Nyati akamvuta Nguchiro pembeni. "Ebu, kijana, huo mkato ndio nini?"

"Si neno lenyewe linasema, mzee? Kukata."

"Nikate nini?"

"Maneno. Wewe kata tu!"

Nguchiro hakuongopa hata chembe. Nyati akaenda zake akichekelea. "Kumbe rahisi hivi!"

Kesho yake kisimani pakajaa watu. Nyati akajitutumua, akanguruma:

"Mhe! Kisi hi ni cha! Niliki mi, kwa pe za!"

Kima akaangua kicheko, kwa! kwa! kwa!

"Unasemaje, baba?" akauliza Mama Tembo. "Meno yanakuuma?"

"Naka mane!" Nyati akafoka. "Kwa mka!"

Mama Tembo akajifuta machozi kwa mkonga. "Maskini! Mkato ni kukata porojo, baba, libaki neno linalochoma. Haya, Nguchiro."

Nguchiro akaonyesha mdomo wa kisima. "Mchimbaji huingia. Aingie!"

Lo! Nyati akainama, akasukuma kichwa. Kwaa! Pembe zikakwama. Akafurukuta, vumbi likatimka, mpaka wakamvuta kwa mkia.

Nguchiro naye, huyooo! Akatumbukia ndani, chubwi! Akaibuka na kata yake ya kifuu, ya kuchotea, imejaa maji, akampa Nyati.

"Ulitaka kukata, mzee? Kata hiyo. Kunywa, uende."

Nyati akanywa, akaenda, kisima kikabaki kwa mwenyewe.

Basi, wanangu, mwenye ukweli hana haja ya maneno mengi.